Jumamosi, Saa Mbili, Jivu

Saa mbili asubuhi Njoro ina baridi ya kuuma masikio.
Menengai imejifunika gubigubi
kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa,
nami navaa kofia ngumu ya kuazima
yenye jasho la watu nisiowajua.

Farasi wangu anaitwa Jivu.
Si wangu. Ni wangu kwa dakika arubaini na tano,
nimeshalipa kwa simu, ujumbe umeingia.
Ana miaka kumi na tisa, mgongo umebonyea
kama kitanda cha bweni,
na jicho lake la kushoto hunikagua
vile mimi hukagua risiti za ngano
zilizoandikwa kwa kalamu mbili.

"Kerubo, visigino chini!"
Bi Chelagat yuko katikati ya kiwanja, mikono mifukoni.
"Chini! Tazama mbele! Ardhi unaijua, iache."
Kila nikiinamisha macho, Jivu husimama.
Hung'oa jani. Hujamba taratibu, bila haya.

Wahenga walionya:
mpanda farasi wawili hupasuka msamba.
Mimi hapa ninaye mmoja,
na Jumapili napanda ngazi za kwaya nikishika ukuta,
mapaja yakiimba sauti ya nne peke yake.

Dada yangu Moraa hupiga simu kutoka Keroka:
mtu wa miaka arubaini na sita, mwenye mkopo wa sako,
farasi wa nini? Utaenda naye wapi?

Hatuendi popote, Moraa. Tunazunguka.
Kuna mapipa manne na ua wa mbao,
tunazunguka kushoto mpaka tuambiwe kulia.

Kuna mwendo baina ya kutembea na kukimbia:
inuka, keti, inuka, keti.
Kamusi yangu ya shule inauita matiti.
Nilimsomea Bi Chelagat neno hilo
akacheka hadi akashika ua,
Ekidor akacheka zizini, beleshi mkononi,
na Njambi wa miaka tisa, ambaye tayari anaruka viunzi,
akauliza kinachochekesha ni nini.
Hakuna mtu mzima aliyemjibu.

Inuka, keti. Nachelewa nusu mpigo.
Nusu tu, lakini uti wa mgongo nao ni mhasibu.

Aprili nilianguka.
Kuteleza si kuanguka, wanasema;
mimi sikuteleza.
Mfuko mtupu wa saruji ulipeperuka,
Jivu akaruka kando,
mimi nikabaki pale pale nilipokuwa,
hewani, bila farasi,
nikiwa na muda wa kukumbuka hesabu za robo mwaka.
Kisha tope.

Nilipofumbua macho alikuwa amesimama juu yangu,
hatamu zikining'inia, akinusa mfuko wa koti
palipokuwa na karoti.
Hakuwa na majuto hata chembe.
Nilimpenda kwa hilo.

Leo hakuna kilichotokea,
na hicho ndicho ninachojaribu kueleza.
Mzunguko wa tatu, karibu na pipa lenye kutu,
niliacha kuhesabu.
Hatua nane, labda tisa,
sikuinuka, niliinuliwa;
sikuketi, niliketishwa,
na baina ya masikio yake mawili
shamba la ngano lilikuwa linakuja polepole.
Bi Chelagat hakusema neno.
Ndipo nikajiambia, "Kumbe naweza,"
na papo hapo nikalipiga tandiko kama gunia.

Jumanne, ofisini kwenye kinu cha unga,
madereva wa malori wamepanga foleni dirishani,
nafungua daftari la malipo
nakuta unywele mmoja mweupe, mrefu, mgumu,
umelala baina ya Wafula na Cherono.

Sikuupuliza.
Nililipa wote wawili, nikafunga daftari nao ndani.